Mrututu na Vifaranga wa Samaki

Kwetu Kilimanjaro wakulima wa kahawa wanaujua sana mrututu. Ni dawa ya rangi ya buluu yenye shaba ndani yake, nayo hupigwa kwenye mibuni kuzuia chulebuni na kutu ya majani. Karo yangu hutoka katika kahawa hiyo, kwa hiyo siandiki haya ili kuilaumu dawa.

Likizo iliyopita nilipewa kazi ya kunyunyizia kihamba chetu. Nilipomaliza nilisuuza bomba katika mfereji uingiao katika bwawa letu la perege. Asubuhi ya pili tulikuta vifaranga wengi wamekufa kando ya bwawa, lakini perege wakubwa walikuwa wakiogelea kama kawaida. Baba akauliza, "Ni ugonjwa gani huu usiogusa wakubwa?" Sikuwa na jibu. Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa Biolojia, na haya ndiyo niliyojifunza.

Samaki wa maji baridi hupoteza chumvi ya mwili wake wakati wote, naye huirudisha kwa kuivuta majini kwa matamvua yaleyale anayopumulia. Shaba ikizidi hujishika kwenye matamvua na kuifunga njia hiyo. Samaki mkubwa huweza kustahimili kwa muda, lakini kifaranga, kwa udogo wa mwili wake, huishiwa na chumvi upesi akafa.

Lakini kuna madhara mengine yasiyoonekana. Mwaka 1938 mtaalamu Karl von Frisch alieleza kwamba ngozi ya samaki wa aina fulani ikijeruhiwa hutoa kitu ambacho wenzake wakikinusa hushtuka na kukimbia hatari. Shaba huharibu uwezo huo wa kunusa. Huko Marekani wataalamu waliwaweka samoni wachanga katika maji yenye shaba kidogo kwa saa 3 tu. Kipimo kidogo walichotumia ni sawa na gramu 1 ya shaba katika mapipa 1,000 ya lita 200. Matokeo yalitolewa mwaka 2012: samoni hao hawakutulia waliposikia harufu ya hatari, bali waliendelea kuzungukazunguka, wakakamatwa upesi na samaki wakubwa. Jimbo la Washington lilikuwa limekwisha kutunga sheria mwaka 2010 ya kupunguza shaba katika breki za magari, maana vumbi lake husombwa na mvua mpaka mitoni.

Basi nikafahamu kwamba tusiwahesabu waliokufa tu. Maji huweza kuwa maangavu, na kifaranga akawa anaogelea, kumbe amekwisha kupoteza kinga yake. Tena shaba haiozi. Hutua kwenye tope la bwawa ikabaki humo.

Nilimwandikia baba barua nikakiri kwamba ugonjwa ule ulikuwa mkono wangu. Alinijibu kwamba yeye mwenyewe amesuuza bomba pale miaka mingi, na kwamba sasa husuuza katikati ya kihamba, mbali na mfereji, na maji yale huyamwagia mibuni ileile.

Wenzangu mnaotoka katika nyumba za wakulima, likizo hii tazameni bomba la kwenu husuuzwa wapi. Mfereji haukomi kwetu. Chini yetu wako jirani wenye mabwawa yao.