Kabla Hujabadili Pikapu: Kufufua Gitaa Kuukuu la Umeme Ukiwa Nyumbani

Gitaa la umeme lililosahauliwa juu ya kabati kwa miaka mingi, mara nyingi halina ugonjwa mkubwa. Lina kutu kwenye jeki, vumbi ndani ya voliyumu, shingo iliyopinda kidogo na nyuzi zilizooza. Lakini mwenye nalo akishalichomeka kwenye amplifaya akasikia mikwaruzo tu, au kimya kabisa, ushauri wa kwanza atakaopewa ni kununua pikapu mpya. Ushauri huo naupinga. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara, na waya huo usipokatika, kukaa tu hakuichoshi. Kinachochoka ni kile kinachoguswa, kinachozungushwa na kinachovutwa.

Gitaa ninalolitolea mfano lilikuwa la baba mdogo: la Kijapani, la miaka ya 1970, lililoigwa kutoka Stratocaster, ile ya Fender iliyotoka mwaka 1954. Lina pikapu tatu za koili moja, swichi ya nafasi tatu, shingo iliyofungwa kwa skrubu nne, na springi nyuma ya bodi. Jina la kiwanda limefutika kichwani. "Hilo lilishakufa, chukua ukatundike ukutani," aliniambia wakati ananikabidhi. Sikulitundika.

Vifaa vyenyewe si vya kutisha: bisibisi, alenki, rula ya chuma yenye alama za nusu milimita, multimita, pasi ya kulehemu ya wati 40 na msasa laini. Ongeza fila geji, zile bapa nyembamba za chuma ambazo fundi magari hupimia nafasi ya valvu. Kaazime kwake, hutazihitaji zaidi ya jioni moja. Programu ya kutyuni utaipata bure kwenye simu. Halafu nunua seti ya nyuzi mpya, maana hakuna kipimo hata kimoja kati ya vitakavyofuata kitakachokuwa na maana ukipima kwa nyuzi zenye kutu.

Kabla hujafungua chochote, shika multimita. Chomeka waya kwenye gitaa, fungua voliyumu na toni mpaka mwisho, kisha pima omu kwenye plagi ya upande wa pili, kati ya ncha na shina lake. Pikapu nzima ya koili moja itasoma kati ya kilo-omu 5 na 7 hivi. Ya koili mbili, 7 hadi 9 au hata zaidi. Hamisha swichi, pima tena. Ukipata namba za namna hiyo kwenye kila nafasi, pikapu zako ziko hai na fedha yako imebaki mfukoni. Usipopata kitu, usiihukumu pikapu bado. Fungua ile plastiki ya mbele, pima kwenye waya za pikapu yenyewe. Kwenye gitaa la baba mdogo, pikapu mbili zilisoma vizuri na ya kati ilikuwa kimya. Nilipofungua nikakuta waya wake umeachia lehemu kwenye swichi. Tone moja la lehemu, kazi ikaisha. Hapo ndipo watu wengi wangekuwa wameshaagiza pikapu kutoka ng'ambo.

Sasa legeza nyuzi. Legeza, usikate kwa koleo zikiwa zimekazwa: mvuto wa nyuzi sita za seti inayoanzia .010 kwa jumla unapita kilo 40, na uzi ukiruka unatafuta jicho. Zikishatoka, piga picha ya waya zote za ndani kwa simu yako kabla hujagusa hata mmoja.

Sisi wa pwani tuna adui wa ziada, chumvi ya hewani. Freti zinaota ukungu wa kijani, skrubu za briji zinaganda. Skrubu zilizoganda zipe tone la mafuta mepesi, ziache zilale usiku mzima, ndipo uzijaribu taratibu. Ukilazimisha kichwa kikavunjika, umejitafutia kazi ya siku mbili. Freti zing'arishe kwa stilwaya laini kabisa, lakini kwanza funika pikapu zote kwa selotepu ya karatasi. Chembe za chuma zikivutwa na zile sumaku hazitoki tena. Ubao wa freti ukiwa wa mti mweusi usio na vanishi, ufute kwa mafuta kidogo sana ya cherehani. Mafuta ya kupikia yaache jikoni, yanachacha. Shingo yenye vanishi haihitaji mafuta yoyote.

Wakati gitaa liko uchi, maliza habari ya umeme. Anza na jeki, kwa kuwa ndiyo inayoharibika kuliko kitu kingine chochote. Ule ulimi wa chuma unaoshika ncha ya plagi hulegea kwa miaka. Ukunje kidogo kwa ndani, sugua mahali unapogusana na plagi kwa msasa namba 600, kaza nati yake bila kuacha waya zijisokote. Voliyumu na toni zinazokwaruza zipulizie dawa ya kusafishia kontakti, ile wanayotumia mafundi redio, kupitia kitundu cha pembeni, kisha zungusha huku na huku mara nyingi. Tisa kati ya kumi zitanyamaza. Ile inayokataa ibadili: kilo-omu 250 kwa pikapu za koili moja, 500 kwa za koili mbili. Hapa kuna mtego. Ukienda Kariakoo kwenye maduka ya vipuri vya redio, utapewa kwa haraka yenye herufi B, kwa sababu ndiyo iliyojaa. Wewe taka A. B hupanda kwa mstari ulionyooka, na sikio letu halisikii hivyo. Utazungusha kitasa na sauti itaonekana imekaa palepale, kisha ianguke ghafla karibu na mwisho. Angalia pia kama mhimili wake unaingia kwenye kitasa chako cha zamani, maana kuna wenye meno na kuna ulio laini.

Kuhusu kulehemu nina neno moja tu: pasha moto kile unachokiunganisha, usipashe lehemu. Lehemu ikiyeyukia kwenye chuma baridi inakaa juu yake kama gundi ya mtoto, na baada ya wiki inaachia. Fungua dirisha pia, moshi ule si wa kuvuta.

Usisahau waya wa ethi unaokwenda nyuma, kwenye kile chuma kinachoshika springi. Ukikatika huo, gitaa litavuma kama mzinga mpaka uguse plagi. Mvumo kidogo hautaisha hata ukiwa mzima, kwa kuwa koili moja hudaka umeme wa nyumbani wa Hezi 50 bila kuulizwa. Ndiyo sababu Seth Lover wa Gibson alibuni pikapu ya koili mbili katikati ya miaka ya 1950, koili moja ikifuta mvumo wa mwenzake. Unaweza kuupunguza kwa kutandaza karatasi ya shaba yenye gundi ndani ya shimo la bodi na kuiunganisha na ethi. Mimi nilifanya, na tofauti ilisikika. Haikuwa muujiza.

Funga nyuzi mpya, tyuni, na hapa ndipo mpangilio unapokuwa kila kitu: shingo kwanza, kisha kizingiti, kisha kimo cha nyuzi, kisha usahihi wa sauti, na pikapu mwisho. Ukiruka hatua utairudia, kwa sababu kila moja inaivuruga inayofuata.

Shingo haitakiwi kunyooka kama rula. Inataka kipindo kidogo cha mbele ili uzi upate nafasi ya kutikisika. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya 1 na pale shingo inapoungana na bodi, kisha pitisha fila geji chini yake kwenye freti ya 7 au ya 8. Milimita 0.25 ni nzuri. Nafasi ikizidi, kaza ile fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo kwa kuzungusha kulia, ikikosekana, legeza. Robo mzunguko kwa wakati, si zaidi, kisha tyuni tena na upime. Magitaa mengi ya zamani ya aina hii kichwa cha fimbo kimefichwa kwenye kitako cha shingo, hivyo itabidi ulegeze nyuzi, ufungue skrubu nne, uzungushe, ufunge, upime. Inachosha. Lakini fimbo ikigoma kabisa kuzunguka, simama hapo na umpelekee anayejua. Fimbo iliyokatika ndani ya mti haina dawa ya jioni moja.

Kizingiti ni kile kipande cheupe kilicho mwanzo wa shingo. Bonyeza uzi kwenye freti ya 3, tazama nafasi juu ya freti ya 1: inatakiwa unywele tu. Ikiwa kubwa, chodi za chini zitapanda sauti hata ukityuni namna gani, na utalaumu masikio yako bure. Plastiki ya gitaa hili ilikuwa imelika, nikachonga nyingine kwa mfupa wa ng'ombe kutoka buchani: uchemshe, uloweke kwenye maji ya sabuni mpaka mafuta yote yatoke, uanike siku kadhaa, ndipo uanze kukata. Harufu yake watu wa nyumbani hawataipenda. Sauti ya nyuzi zikipigwa wazi, utaipenda mwenyewe.

Springi za nyuma nilizikomesha. Ule mkono wa kuyumbisha sauti hauna kazi kwa mpigaji wa dansi, na ndio unaoharibu tyuni kila mara. Niliweka springi zote tano, nikakaza chuma kinachozishika mpaka briji ikalala juu ya bodi, nikagongomea kipande cha mti mgumu nyuma yake isisogee. Wapenzi wa roki watanitukana, nao wana haki yao.

Kimo cha nyuzi pima kwenye freti ya 12, kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi: milimita 1.6 upande wa uzi mwembamba na 2 upande wa uzi mnene. Pandisha au shusha vikalio vya briji kwa alenki ndogo. Ukisikia uzi unagonga mahali pamoja tu, kuna freti imechomoza. Weka rula fupi juu ya freti tatu tatu, ile inayoyumba ndiyo mkosaji, uigonge taratibu kwa nyundo ya plastiki.

Usahihi wa sauti ndio ninaoutilia mkazo kuliko yote, na sababu ni muziki wetu. Dansi hupigwa kwa sauti safi, bila kukwaruzishwa, na gitaa la solo hukaa juu kabisa ya shingo huku second solo na rhythm zikijibizana nalo chini. Sikiliza bendi ya Sikinde au Msondo ya zamani, kila noti iko peupe. Gitaa lenye kosa dogo kwenye freti ya 12 linaweza kujificha ndani ya makelele ya roki. Ndani ya magitaa matatu yanayosokotana halina pa kujificha. Tyuni uzi ukiwa wazi, kisha bonyeza freti ya 12, kwa mkono mwepesi, uangalie programu. Ikisema umepanda, rudisha kikalio nyuma, mbali na shingo. Ikisema umeshuka, kisogeze mbele. Tyuni upya kila unapogusa. Kwa kuanzia, kikalio cha uzi mwembamba kabisa kiweke milimita 648 kutoka kizingiti, ambao ndio urefu wa kawaida wa aina hii, na vingine virudi nyuma kidogo kidogo kadiri nyuzi zinavyonenepa. Kikalio cha uzi wa tatu usiofunikwa kitarudi nyuma ya kile cha wa nne, usishangae.

Mwisho pikapu. Bonyeza nyuzi kwenye freti ya mwisho, acha milimita 2 upande mwembamba na karibu 3 upande mnene. Watu huzipandisha juu wakidhani watapata nguvu. Sumaku ikikaribia mno huuvuta uzi, na noti za juu zinatoa sauti mbili zisizopatana. Utarudi kuhangaika na briji ambayo haina kosa.

Baba mdogo alilipiga jioni ile ile, akasema tu, "Lirudishe lilikotoka," yaani kwake. Tumekubaliana nibaki nalo siku za kazi. Nyuzi nazifuta kwa kitambaa kikavu kila nikimaliza, na kwa joto la Dar hata hivyo hazipiti miezi miwili.

Jambo moja usilichezee. Kuvuma kwa gitaa kukipungua unapogusa nyuzi, hiyo ni kawaida. Lakini ukishika nyuzi ukasikia mtetemo, au midomo ikapigwa unapogusa maiki, kosa haliko kwenye gitaa; liko kwenye ethi ya amplifaya au ya nyumba, na linaua. Zima swichi ukutani. Usifungue amplifaya ya taa mwenyewe hata ikiwa imechomolewa, kapasita zake zinaweza kushika mamia ya volti. Mwite fundi umeme apime ethi ya soketi kabla hujapiga noti nyingine.