Dalili za Mvua na Kompyuta: Somo Kutoka Mbeere

Mvua za Oktoba zikikaribia, kila kikundi kina swali moja: pesa tulizochanga, tununue mbegu gani? Sisi wa pande za Kinoru tukikosea, tunapata hasara. Jirani zetu wa Mbeere, kule Embu kwenye joto, wakikosea wanalala njaa.

Wazee wa Mbeere hawakungoja redio. Walitazama miti inavyochanua, ndege, wadudu, upepo na mwezi, ndipo wakapanda. Siku hizi vijana wengi huyacheka mambo hayo. Lakini mtaalamu mmoja wa kompyuta hakucheka.

Muthoni Masinde ni Mkenya. Alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, na baadaye akawa profesa huko Bloemfontein, Afrika Kusini. Aliona shida mbili. Kwanza, vituo vya kupima hali ya hewa ni vichache, kwa hivyo utabiri hutaja eneo kubwa, wala si shamba lako. Pili, dalili za wazee ni za mahali pale pale, lakini haziandikwi. Na hali ya hewa ikibadilika, dalili peke yake yaweza kudanganya.

Basi alibuni mpango wa kutabiri ukame, akauita ITIKI. Kwa Wambeere, itiki ni daraja la miti la kuvukia mto. Wakulima hutuma kwa simu dalili walizoona. Vipimo vidogo shambani hupima joto na unyevu. Kompyuta inalinganisha hayo na kumbukumbu za mvua za miaka mingi, kisha jibu linamrudia mkulima kwa simu. Mpango huo ulijaribiwa Mbeere, na pia Msumbiji na Afrika Kusini.

Faida ni gani? Ukijua mapema kwamba mvua itakuwa haba, unapunguza mahindi, unapanda mtama, ndengu au kunde. Mbuzi unamwuza akiwa bado mnono. Kumbukeni kwamba kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo sehemu nyingi kame za Kenya.

Lakini kompyuta hujua tu kile ilichoambiwa. Mzee akienda na ujuzi wake bila kuandikwa, hakuna profesa wa kuurudisha.

Kazi ya kikundi

1. Waulizeni wazee dalili za mvua. Mwandike katika daftari moja.
2. Tegeni mkebe ulionyooka pande zote, mahali pa wazi, mbali na miti na paa. Kila siku saa tatu asubuhi pimeni maji kwa rula, mwandike milimita na tarehe, kisha mwage.
3. Msimu ukiisha, linganisheni: dalili gani ilisema kweli? Ipi ilidanganya?

Maswali ya kujadiliana

Msimu uliopita tuliamuaje mbegu za kununua? Katika kikundi chetu, nani atashika daftari, na nani atalishika akiwa hayupo?