Chai Nayo Ni Chakula: Ilani kwa Wanaokuja Kupimwa Sukari ya Damu

Yametufikia malalamiko mengi ya watu waliorudishwa majumbani pasina kupimwa, na baadhi yao wametutuhumu ukaidi. Twajibu kwa taadhima, walakin bila ya kulegeza kamba, ya kwamba amri ya kutokula wala kunywa kitu ila maji matupu kwa muda wa saa 8 kabla ya kipimo cha asubuhi haikutungwa ili kumsumbua mtu. Mwenye kutwambia, "Sikula kitu, nimekunywa chai tu," aghalabu amekunywa kikombe chenye vijiko vitatu vya sukari, na mafuta ya hamri yangali yang'aa vidoleni mwake.

Kongosho hutoa insulini, nayo hubisha hodi kwenye misuli ili ipokee sukari ya damu, na huliamuru ini lisizidi kutoa yake. Mafuta yakirundikana ndani ya ini na misuli kwa shibe ipitayo haja, hodi ile haiitikiwi vyema, na kongosho hulazimika kubisha kwa nguvu zaidi, pengine miaka mingi, ilhali kipimo chaonyesha salama na mwenyewe hasikii maumivu. Sukari ya vinywaji, hususan fruktosi iliyomo, ikizidi hugeuzwa mafuta ini lenyewe likiwa ndilo kiwanda. Na mawese, kadhalika samli na siagi, hulijaza ini kuliko mafuta ya alizeti ya kadiri ile ile. Tui la nazi hatukulikataza, wala hatuthubutu, twasema lipunguzwe.

Shirika la Afya Duniani liliusia mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na ya maji ya matunda, isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu za chakula cha siku, na afadhali nusu yake, yaani kama vijiko 6 vya chai. Chupa moja ya soda ya mililita 300 aghalabu hupita hapo.

Wanaostahiki kupimwa ni wenye jamaa wa kisukari, wenye vitambi, na kina mama waliopata kisukari cha mimba. Masharti mengine yamebandikwa mlangoni.

Twakariri: ajaye saa 12 asubuhi asionje kitu ila maji matupu tangu saa 4 za usiku, wala chai ya rangi, wala peremende. Illa mwenye kutumia dawa za kisukari asikae na njaa kabla ya kumwuliza tabibu wake. Utaratibu huu twaona fahari kuusimamia, na atakayekuja amekunywa chai atarudishwa, na kesho yake atapanga foleni upya.