Ukienda Shinyanga na Geita, Beba Gunia Tupu

Wengi wanaofika huku wanafuata dhahabu ya Geita au almasi ya Mwadui. Wakimaliza shughuli zao hupanda basi na begi lilelile walilokuja nalo. Kwa mtu anayependa kupika, hiyo ni hasara kubwa. Usukumani kiangazi ni kirefu na mvua haina ahadi, ndiyo maana watu wamejifunza kukausha karibu kila kinacholika. Chakula bora cha hapa kinasafiri siku tatu bila barafu na kinafika kikiwa salama.

Anzia Soko Kuu la Shinyanga, asubuhi, kabla jua halijakaza. Ukifika kwenye meza ya mama anayeuza vyakula vikavu, msalimie "Mwangaluka, mama," kisha uulize michembe na matobolwa. Usivichanganye, maana wageni wengi hununua kimoja wakidhani ni kingine. Michembe ni viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vikiwa vibichi na kuanikwa. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo yakatwe na kuanikwa. Matobolwa unayatafuna vivyo hivyo njiani, magumu mwanzoni na matamu kadiri yanavyolainika mdomoni. Michembe lazima ipikwe. Chukua kipande ukivunje mbele ya muuzaji: kikikatika kwa mlio, nunua, kikipinda, kina unyevu na kitaota ukungu kabla hujafika kwako. Angalia pia vitundu vya wadudu.

Nyumbani ioshe michembe, iloweke kidogo, uichemshe mpaka iive na maji yakaribie kukauka, kisha mimina karanga zilizotwangwa na chumvi kiasi. Uile na maziwa ya mgando. Sijui kifungua kinywa kinachoishinda.

Meza hiyohiyo huenda ikawa na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa. Yanaonekana kama takataka za shambani, na wengi huyapita. Yakipikwa taratibu na karanga hutoa mchuzi mzito wenye uchungu wa mbali, unaokaa vizuri na ugali wa mtama au wa udaga, yaani muhogo. Mimi sirudi bila nsansa, hata nikiwa na haraka.

Chukua pia dengu na choroko. Dengu hupenda udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka nyufa kiangazi, na Kishapu wanazo mbuga za kutosha. Sehemu kubwa ya zao hilo husafirishwa kwenda India, kwa hiyo unanunua kwenye chimbuko kitu ambacho wenzako wanakisubiri ng'ambo. Nafaka na kunde hupimwa kwa sado, kopo la plastiki lililokuwa la rangi. Kabla ya kutaja bei, uliza kama sado inasawazishwa au inajazwa kilima, kisha tazama kitako cha kopo, maana lililobonyezwa ndani hupunja. Kuku wa kienyeji na nyama ya ng'ombe utavikuta kwenye minada kama wa Mhunze. Vyakula hivyo kula palepale.

Kwa mchele, usinunue Shinyanga mjini. Pita Tinde, barabara inapogawanyika, shika njia ya Isaka na Kahama, ushuke Kagongwa. Hapo mashine za kukoboa zimepangana, na malori hupakia mchele wa kwenda mpaka nchi jirani. Faida yako ni kuuona ukitoka mashineni. Uliza ni wa mavuno ya mwaka huu au wa mwaka jana. Mpya unanukia vizuri, lakini unataka maji machache, la sivyo unageuka bokoboko. Wa mwaka jana huchambuka, nao ndio wa pilau. Chota kiganja kutoka katikati ya gunia, si juu, uangalie chenga.

Kutoka Kahama, njia ya Kakola inapita kwenye mgodi wa Bulyanhulu na kukuingiza Geita. Ukitokea Mwanza, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limekuondolea foleni ya kivuko. Jiandae kwa bei. Palipo na machimbo pana watu wenye njaa na fedha za mkononi, na fungu la nyanya hulijua hilo. Nafaka zako zote uwe umeshanunua. Geita njoo kwa ajili ya samaki na mananasi.

Hapa kuna neno la kuangalia. Ukimwambia dereva wa bodaboda akupeleke mwaloni, wanakoshushia samaki, taja ni mwalo wa samaki, kwa sababu wachimbaji nao huita mwalo mahali wanapochenjulia dhahabu. Mwalo wa Nkome uko ziwani kabisa; ukikosa muda, soko la Katoro lina kila kitu, ila jiandae kusukumana.

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika, mzigo hupungua na bei hupanda. Basi tazama mwezi kabla ya kukata tiketi. Uliza wameanikwa wapi. Walioanikwa juu ya chanja ni wasafi na wanang'aa kama fedha. Wa mchangani watakusaga meno hata uwaoshe mara tano. Waonje wakavu: wakiwa wachungu, waache. Kayabo, yaani sangara aliyekaushwa kwa chumvi, mloweke usiku kucha na ubadilishe maji mara mbili, kisha umpike na nyanya na vitunguu vingi. Usiongeze chumvi kabla ya kuonja.

Mananasi ya Geita nunua mwisho kabisa, siku ya kuondoka, moja la kula barabarani na mengine mawili yasiyoiva sana.

Dagaa na kayabo wafunge mbali na michembe, kwenye mfuko wao wenyewe. Ukifika nyumbani anika kila kitu juani siku nzima kabla ya kutia kwenye vyombo vyenye mfuniko, na urudie kila baada ya wiki chache. Kwangu, michembe ya Agosti huliwa mpaka mvua za Machi.