KUPOGOLEWA KWA MAUNGIO YA NEVA KATIKA UBONGO WA MTOTO

Shabaha: Baada ya somo hili mwanachuo aweze kueleza jinsi ubongo wa mtoto unavyopunguza maungio yake, na kutaja mambo ambayo mwalimu wa shule ya msingi hupaswa kuyafanya kwa ajili hiyo.

Utangulizi

Watu wengi hudhani kwamba ubongo wa mtoto hukua kama debe linavyojazwa maji. Kumbe sehemu kubwa ya kukua huko ni kupunguza. Mwalimu asiyelifahamu jambo hili aweza kumhukumu mtoto mapema mno, au kuchelewa kumsaidia pale ambapo kila mwezi una thamani.

1. Maana

Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86, nazo hupelekeana habari katika maungio yaitwayo sinapsi. Mtoto mchanga huunda sinapsi nyingi kuliko zitakazohitajiwa. Baadaye zile zinazotumika mara kwa mara huimarika, na nyingi kati ya zisizotumika hulegea, zikamezwa na seli ndogo za ulinzi zilizomo ubongoni.

Mwaka 1979 Peter Huttenlocher wa Chuo Kikuu cha Chicago alieleza kwamba katika sehemu ya mbele ya ubongo msongamano wa sinapsi hufikia kilele kwenye umri wa mwaka 1 hadi 2, ukizidi ule wa mtu mzima kwa asilimia 50 hivi. Kisha hupungua pole pole hadi kwenye umri wa miaka 16 hivi. Sehemu ya kuonea, iliyo kisogoni, hutangulia.

Mkulima wa kahawa hupogoa mbuni ili nguvu ziende kwenye matawi yatakayozaa. Lakini yeye huchagua tawi kwa macho yake; ubongoni mchaguzi ni matumizi, pamoja na mpango ambao mtoto huurithi. Wala wingi wa sinapsi si kipimo cha akili.

2. Ushahidi

Kuanzia miaka ya 1960 David Hubel na Torsten Wiesel, huko Marekani, walifunga jicho moja la paka wachanga kwa muda. Lilipofunguliwa, jicho lenyewe lilikuwa zima, lakini seli za kuonea ubongoni karibu zote zilikuwa zimegeukia jicho la pili. Paka wazima waliofungwa jicho hawakupata dosari hiyo. Wataalamu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Katika lugha, Janet Werker na Richard Tees walionyesha huko Kanada mwaka 1984 kwamba watoto wa nyumba za Kiingereza wenye miezi 6 hadi 8 walitofautisha sauti fulani za Kihindi. Walipofika miezi 10 hadi 12 wengi hawakuweza tena. Uchunguzi huu haukuhesabu sinapsi, lakini unaonyesha mwelekeo ule ule: kinachotumika hubaki.

3. Kazi ya mwalimu

(a) Kupima macho. Mtoto mwenye jicho moja dhaifu mara nyingi halalamiki, kwa maana jicho zima humtosha. Wakati huo ubongo unazidi kulipuuza lile dhaifu. Mwanzoni mwa mwaka, kila mtoto wa darasa la kwanza asimame mbali na ubao, afunike jicho moja kwa kiganja, na aonyeshe kwa mkono maumbo uliyoyachora; kisha abadilishe jicho. Anayeshindwa kwa jicho moja, na kila mwenye makengeza, wazazi waelezwe wampeleke hospitali bila kungoja. Miwani, au kuziba jicho zima kwa muda kama daktari atakavyoagiza, hufaa zaidi kabla ya miaka 7 hivi. Hata aliyepita umri huo apelekwe, kwani wengine hupata nafuu.

(b) Kusahihisha matamshi. Mtoto ambaye lugha ya kwao haitofautishi r na l si mjinga. Sikio lake limezoezwa vingine. Asichekwe, asikilizishwe kwanza jozi kama kula na kura, mahali na mahari, ndipo atamke.

(c) Kurudia kwa matumizi. Dakika chache za kila siku hufaa kuliko kipindi kirefu cha mara moja. Hesabu itumike katika sokoni pa kuigiza, shambani na mchezoni.

(d) Kutokata tamaa. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayosaidia kujizuia na kupanga, huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Basi usimwite mtoto wa miaka 8 kichwa kigumu. Aidha, ubongo huunda maungio mapya maishani mote: wazee wengi wa Tanzania walijifunza kusoma katika kampeni za kisomo za miaka ya 1970.

Muhtasari

Ubongo huanza na ziada, ukabakiza kinachotumika. Machoni wakati ni mfupi. Katika mengi mengine ni mrefu. Mwalimu aharakishe kwa la kwanza, na astahimili kwa hayo mengine.

Maswali

1. Mfano wa mbuni unafaa wapi, na unakomea wapi?
2. Kwa nini mtoto mwenye jicho moja dhaifu huweza kukaa darasani miaka miwili bila kugunduliwa?
3. Andaa zoezi la dakika 10 la kutofautisha r na l, ulifundishe, kisha ujadili matokeo na wenzako.