Sinia la Zamani: Soma Kwanza, Ndipo Usugue

Sinia la zamani la Kiingereza lisikudanganye kwa weupe wake. Ligeuze, usome chini.

Herufi EPNS maana yake si fedha tupu. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, uliochovywa fedha kwa umeme. Kazi hii ilienea Uingereza tangu miaka ya 1840. Asiyesoma huuziwa la kuchovya kwa bei ya fedha.

Likiwa jeusi, usilisugue kwa mchanga wala majivu. Ngozi ya fedha ni nyembamba; ikitoka, ndiyo basi. Lioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, likaushe, kisha ulifute polepole kwa kitambaa laini chenye dawa ya kung'arishia fedha.

Maswali
1. EPNS maana yake nini?
2. Kwa nini tusitumie mchanga?