Machache Juu ya Kambi ya JKT kwa Watakaokwenda

Mhariri wa gazeti letu aliniomba niandike habari za bustani ya shule, nami nilikuwa nimekwisha kuanza. Lakini juma lililopita vijana wanne wa Kidato cha Sita walinifuata maabara, wakaniuliza, "Mwalimu, ni kweli kambini mtu akiumwa huambiwa anajisingizia?" Siku mbili baadaye akaja mama wa mmoja wao na swali lile lile, ila yeye aliuliza kwa sauti ya chini. Basi bustani itangoja muhula ujao. Nitaandika juu ya kambi, na hasa juu ya mguu wangu wa kulia, maana ndio ulionifundisha zaidi kuliko kitu kingine chochote nilichokiona huko.

Kwanza tujue tunasema juu ya nini. Katika nchi nyingine vijana hufundishwa mambo ya askari wakiwa wangali shuleni, nao huitwa kadeti. Uingereza wana kikosi cha kadeti wa shule kilichoundwa kwa umbo lake la sasa mwaka 1948, na Marekani mafunzo ya namna hiyo yaliwekwa kwa sheria ya mwaka 1916. Hapa kwetu neno kadeti ni la yule asomeaye uofisa katika chuo cha Monduli. Kijana wa kawaida huonja maisha ya askari akisha kumaliza Kidato cha Sita, katika Jeshi la Kujenga Taifa.

Jeshi hilo lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na hapo mwanzo waliingia vijana wa kujitolea. Mwaka 1966 ikapitishwa sheria ya kuwalazimisha wasomi nao waingie, wakatwe na sehemu kubwa ya mshahara wao, wabaki na asilimia 40 tu kwa muda. Wanafunzi wa Chuo Kikuu hawakupendezwa. Tarehe 22 Oktoba mwaka ule waliandamana hadi Ikulu, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya 300. Watu hukumbuka sana sehemu hiyo. Ile wanayoisahau ni kwamba siku hiyo hiyo alitangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Baba yangu alikwenda katika miaka ya themanini, akakaa mwaka mzima. Alirudi na mambo mawili: kutandika kitanda kama meza ya seremala, na kutokula maharage mpaka leo. Mwaka 1994 mafunzo hayo ya lazima yalisimamishwa, yakarejeshwa mwaka 2013, na miongoni mwa waliotangulia kuingia mwaka huo walikuwamo wabunge vijana. Mimi niliingia mwaka 2014. Kwetu sisi ilikuwa miezi mitatu, na baba aliona hiyo ni matembezi.

Nilipewa kambi katika mkoa wa baridi. Nilifika na vitu vyote vilivyotajwa katika tangazo: bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari na soksi ndefu nyeusi. Raba zangu zilikuwa mpya kabisa. Nilizinunua siku moja kabla ya safari, nikajivunia kuzitoa kwenye boksi mbele ya wenzangu hangani. Fikirini hapo, ninyi mnaojiandaa.

Sitawachosha kwa habari za kuamka alfajiri, wala mchakamchaka, wala foleni ya ugali. Kaka zenu wamekwisha kuwaeleza, tena wametia chumvi. Nitasema kidogo tu juu ya kwata, maana wengi huidhania kuwa ni kazi ya nguvu. Kwata ni kazi ya masikio. Katika amri kama "nyuma, geuka!" lile neno la kwanza lakuambia utakalofanya, na la pili ndilo la kufanya. Mwenye haraka hugeuka kwenye lile la kwanza, akajikuta anatazamana uso kwa uso na mwenzake wa nyuma. Katika platuni yetu alikuwako kijana mmoja, hodari wa hesabu kupita sisi sote, ambaye kila akiambiwa atembee mkono wa kulia ulikwenda pamoja na mguu wa kulia. Tulicheka mpaka tukaadhibiwa. Koplo wetu hakucheka. Alimwambia, "Kuruta, umesahau kutembea kwa sababu unafikiri juu ya kutembea. Niimbie wimbo wa kwenu." Akaimba, mikono ikanyoka yenyewe.

Sasa nije kwenye mguu. Katika juma la pili lilinitoka lengelenge kisigino cha kulia. Lilikuwa dogo, la ukubwa wa punje ya hindi. Nililitoboa kwa pini ya nguo, nikang'oa na ngozi ya juu ili likauke upesi, nikavaa soksi ile ile ya jana, nikaenda kukimbia. Leo ni mwalimu wa Biolojia, na kila nikiikumbuka sentensi hiyo naona haya, kwani ina makosa matatu.

Yafaa niwaeleze jinsi lengelenge linavyofanyika. Kiatu kinapoisugua ngozi, ngozi ya juu huvutwa upande huu na nyama ya chini ikabaki upande ule. Mvuto huo ukirudiwa mara maelfu, tabaka za ngozi huachana, na maji ya mwili yakajaa katikati. Ngozi yenye unyevu hukwama kwenye soksi kuliko ngozi kavu, ndiyo maana jasho na umande huongeza taabu. Maji yale ni safi, na ile ngozi ya juu ni bandeji ambayo mwili umeitengeneza wenyewe bila kukudai senti. Mimi niliing'oa bandeji hiyo, nikaingiza pini chafu, kisha nikaifunika nyama mbichi kwa soksi yenye jasho. Bakteria hawakuhitaji kubisha hodi.

Baada ya siku tatu kisigino kilikuwa cha moto. Kwa nini sikwenda zahanati ya kambi? Hapa ndipo lilipo jibu la wale vijana wanne. Kila asubuhi wagonjwa walitakiwa kujitokeza mbele, na kila asubuhi miongoni mwao walikuwamo wawili watatu ambao sisi sote tulijua hawaumwi chochote. Tuliwaita wategaji. Sikumwona mkufunzi yeyote akimwadhibu aliyeumwa kweli. Waliotoa adhabu tulikuwa sisi wenyewe, kwa midomo yetu, usiku, taa zikisha kuzimwa. Mtu aliyerudi na cheti cha kupumzika alipokelewa hangani kwa makofi na miluzi. Nami nilipiga makofi hayo kama wengine, na pengine kwa nguvu zaidi. Basi ningewezaje kwenda kusimama katika mstari ule ule?

Nikachechemea kwa siri. Nilijifunza kukanyaga kwa vidole, nikakaa safu ya nyuma, na kwenye kazi za shamba nikachagua jembe badala ya ndoo, ili nisimame mahali pamoja. Nilijiona shujaa. Siku ya saba nilipata mtoki, yaani uvimbe katika kinena, mgumu kama jiwe la komamanga, nikadhani nimejinyosha vibaya. Usiku ule nilitetemeka chini ya shuka zote mbili na koti, na nilipoulizwa nikasema ni baridi ya mkoa ule.

Aliyelala kitanda cha juu yangu alikuwa kijana wa Ukerewe, mtu wa maneno machache. Hakuniuliza lolote. Kulipopambazuka, koplo alipouliza kama yupo mgonjwa, nikasikia sauti yake nyuma yangu: "Yupo, afande. Ni huyu hapa, naye anaficha." Kama ningekuwa na nguvu ningempiga.

Koplo akaja mbele yangu. "Kuruta, vua kiatu."

"Ndiyo, afande."

Raba haikutoka. Mguu ulikuwa umevimba ndani yake. Walikata kamba, kisha wakakata raba yenyewe kwa kisu, zile raba zangu mpya. Koplo aliutazama mguu kwa kitambo, halafu akanitazama usoni. Niliitazamia kelele. Alisema polepole, "Nikikupa lindo usiku, ukaona moto ghalani, ukanyamaza ili usinisumbue, utakuwa umenitii?" Sikuwa na jibu, wala hakungoja. Kabla ya saa nne nilikuwa ndani ya gari kwenda hospitali.

Usaha uliotoka ulijaa kikombe. Mganga alinieleza kwamba mtoki ni tezi ya kinena inayopambana na vijidudu vinavyopanda kutoka mguuni, na kwamba zile baridi za usiku zilikuwa alama kwamba huenda sumu imekwisha kuanza kuingia katika damu. "Siku mbili zaidi," alisema, kisha akaacha kusema. Nililala hospitali siku kumi na moja, nikichomwa sindano. Baba alipopata habari alisafiri usiku kucha. Aliufunua mguu, akautazama, akaufunika. Yule mzee aliyeiona miezi mitatu kuwa matembezi alitoka nje ya wodi akakaa kwenye benchi, na nilipochungulia dirishani nilimwona anafuta macho kwa ukingo wa kofia yake.

Siku ya kiapo nilikaa juu ya kiti cha plastiki pembeni mwa uwanja, mguu umefungwa. Platuni yangu ilipita. Yule wa hesabu alikuwa safu ya mbele, mikono yake sawa kabisa, midomo ikichezacheza. Nadhani alikuwa anaimba. Yule wa Ukerewe hakugeuza kichwa, kwani asingeweza kugeuza kichwa katika gwaride, lakini jioni alikuja na sahani mbili za pilau, akala yake bila kusema neno. Nilimwomba radhi. Akasema kwao mtumbwi ukivuja mwenye kuona husema, hata kama mtumbwi si wake.

Sasa ninyi mtakaokwenda baada ya mtihani, nawaambieni kama mwalimu wa Biolojia. Raba zinunueni mapema, mzivae nyumbani na njiani majuma mawili kabla ya safari, mkafue na kukausha soksi kila siku. Mkiona kisigino kinaanza kuwaka moto, hapo hapo kifunikeni kwa plasta, msingoje lengelenge. Likitoka, acheni ngozi yake mahali pake, osheni kwa maji na sabuni, funikeni kwa kitambaa safi. Katika vitabu mtasoma kwamba alama ya uambukizo ni wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu si rahisi kuonekana, basi tafuteni joto, uvimbe, ngozi kung'aa na maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Mtoki au homa ni jambo la zahanati siku hiyo hiyo.

Mwenye pumu, kifafa au selimundu na aseme siku ya kwanza, wakati wa kupimwa afya, na mwenye pumu asiiache dawa yake ya kuvuta nyumbani kwa kuona haya. Mgonjwa wa selimundu aweza kuanguka na hata kufa kwa mbio ndefu katika jua bila maji ya kutosha. Hilo si la kujificha. Wahitimu wenye ulemavu wa viungo, matangazo ya miaka ya karibuni yamewaelekeza kambi ya Ruvu, mkoani Pwani, ambako pametengenezwa kwa ajili yao. Someni tangazo la mwaka wenu kwa makini, maana mambo hubadilika.

Nanyi wazazi, mkimwaga mwanenu stendi msimwambie "usitutie aibu" peke yake. Baba aliniambia maneno hayo, nami niliyabeba mpaka kisigino kikaoza.

Kuhusu wategaji sina la kusema sana. Wapo, na watakuwapo. Mganga wa kambi huwatambua kwa dakika mbili, wala hahitaji msaada wa miluzi yetu.

Yeyote atakaye kuonyeshwa namna ya kufunga kisigino, nipo maabara kila Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho. Aje na raba zake na soksi zilizofuliwa. Plasta ninazo.